Ziwa Kivu: Je, mipaka ifuate maji au ifuate watu?

Mvua inaponyesha juu ya mgongo wa milima ulio mashariki ya mji wa Gisenyi, matone mawili yaliyoanguka hatua chache tu kutoka moja hadi jingine huweza kuelekea bahari mbili tofauti. Lile la upande wa mashariki hufuata mito hadi Nyabarongo, likaingia Akagera na Ziwa Victoria, na safari yake huishia katika mto Nile na Bahari ya Mediterania. Lile la upande wa magharibi huingia Ziwa Kivu, likashuka kwa mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika, likatoka kwa mto Lukuga na kuishia katika mto Congo na Bahari ya Atlantiki.

Kwa hesabu ya maji, Gisenyi, mji mkuu wa wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, uko pamoja na jirani yake Goma wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, na umetengana na Kigali. Kwa hesabu ya bendera, mambo ni kinyume chake. Na kwa hesabu ya lugha, biashara na ndoa, jibu humtegemea anayeulizwa.

Suala hili limezua mjadala wa muda mrefu miongoni mwa wanasiasa, wanahistoria na wataalamu wa maji: mipaka ya nchi, majimbo na wilaya ifuate nini? Ifuate maji ambayo watu wanayategemea kwa pamoja, au ifuate lugha, ukoo na historia inayowafanya watu wajione ni wamoja?

Katika mwambao wa Kivu swali hilo lina uzito wa pekee. Jibu lake linagusa umeme, samaki, gesi iliyo chini ya ziwa, mafuriko yanayobomoa nyumba, na uraia wa mamilioni ya watu.

Mstari wa rula uliotangulia ziwa

Mnamo Agosti 1885, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliyatangazia mataifa mengine mipaka ya Dola Huru ya Congo. Katika eneo hili, mpaka ulichorwa kwa rula: mstari ulionyooka kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika hadi mahali ambapo longitudo ya nyuzi 30 mashariki inakutana na latitudo ya nyuzi 1 na dakika 20 kusini.

Wakati huo hakukuwa na Mzungu aliyekuwa amefika Ziwa Kivu. Mstari huo, kama ungetekelezwa, ungeukata ufalme wa Rwanda vipande viwili na kuliacha ziwa lote ndani ya Congo. Mahali palipo Gisenyi leo pangekuwa ardhi ya Congo.

Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipita Rwanda, akakutana na Mfalme Kigeli wa Nne Rwabugiri, kisha akafika ziwani. Baada ya hapo Ujerumani ilianza kudai kwamba mstari wa rula haukuwa na maana, na kwamba mpaka ufaao ni ule wa asili, yaani mto Ruzizi na Ziwa Kivu. Wabelgiji walikataa. Mvutano huo ulidumu hadi Mei 1910, wakati Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza zilipokubaliana mjini Brussels. Mwaka uliofuata tume ya wapimaji ilikwenda kuweka alama za mpaka.

Hoja ya maji ilishinda hoja ya rula. Mstari ulipitishwa katikati ya ziwa, Gisenyi ikabaki kwa Wajerumani na Goma kwa Wabelgiji. Kisiwa cha Ijwi, kilicho kikubwa kuliko vyote ziwani na ambacho Rwabugiri alikuwa amekiteka kabla ya kufariki mwaka 1895, kiliwekwa upande wa Congo. Kaskazini mwa ziwa, mstari ulipandishwa hadi vilele vya volkano, kuanzia Karisimbi hadi Sabyinyo, na eneo la Bufumbira likaenda kwa Waingereza nchini Uganda.

Wakazi wa maeneo hayo hawakushirikishwa katika uamuzi huo. Hata hivyo, ndio mpaka uliopo hadi leo.

Ziwa lililokuwa barabara

Wapimaji wa mwaka 1911 walilitazama ziwa kama kizuizi. Kwa watu waliolizunguka, lilikuwa njia.

Katika karne ya 19, mitumbwi ilivuka Kivu ikibeba mazao, mbuzi, majembe na bangili zilizosukwa kwa nyuzi za mimea, zilizojulikana kwa jina la butega. Watembo waliishi magharibi ya ziwa na ndio waliozisuka. Bangili hizo zilipita Ijwi kwa Wahavu, zikafika mwambao wa mashariki, ambako zilitumika kama mapambo na pia kama kipimo cha thamani katika biashara. Zilifika hadi Bugoyi, eneo ambalo ndani yake umo mji wa Gisenyi wa sasa.

Bugoyi yenyewe ilikuwa na sura yake. Wagoyi walizungumza Kinyarwanda kwa lafudhi na msamiati wao, walikuwa na wakuu wa koo zao, na uhusiano wao na kasri ya mfalme katika Rwanda ya kati ulijengeka hatua kwa hatua. Walikuwa watu wa Rwanda na wakati huohuo walikuwa watu wa ziwa.

Historia hiyo inaonyesha tofauti ambayo mara nyingi hupotea katika mjadala huu. Mpaka unaopita katikati ya maji ni kitu kimoja, na mpaka unaoyazunguka maji ni kitu kingine kabisa.

Mpaka unaopita katikati hulitumia ziwa au mto kama ukuta. Huligawa bonde moja la maji kati ya serikali mbili, na huwatenganisha watu waliokuwa wakivuka kila siku. Mpaka unaoyazunguka maji hufuata vilele vya milima, na huweka vijito, mashamba, mto na ziwa chini ya mamlaka moja. Wakoloni walipodai kwamba wanafuata maumbile, walichagua aina ya kwanza.

Mfano mwingine wa mkanganyiko huo uko kusini zaidi. Mkataba wa mwaka 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani uliuweka mpaka wa Ziwa Nyasa kwenye ukingo wa mashariki. Malawi inausimamia mkataba huo na kusema ziwa la upande huo ni lake lote hadi ufukweni. Tanzania inasisitiza kwamba mpaka uko katikati ya maji, kwa kuwa wakazi wa mwambao wake wamelitegemea ziwa hilo tangu enzi na enzi. Zaidi ya karne moja baadaye, mgogoro huo haujamalizika.

Je, mipaka ifuate lugha na ukoo?

Ikiwa mpaka wa majini uliwatenga ndugu, je, suluhisho si kuchora upya mipaka kwa kufuata utambulisho wa watu? Hoja hiyo imesikika mara kadhaa katika eneo la Maziwa Makuu, na kila inaposikika huzusha hofu.

Ni kweli kwamba mipaka ya 1910 iliwaacha wazungumzaji wa Kinyarwanda katika nchi tatu. Katika maeneo ya Bwisha na Jomba huko Rutshuru, walikuwepo kabla ya mkoloni kuchora mstari. Kuanzia mwaka 1937, utawala wa Kibelgiji, ambao wakati huo ulikuwa ukitawala pande zote mbili, uliwahamisha maelfu ya watu wengine kutoka Rwanda kwenda Masisi ili wafanye kazi katika mashamba ya walowezi. Walifuatwa na wakimbizi wa vipindi mbalimbali.

Baada ya uhuru, swali la nani ni raia halikutulia. Sheria ya Zaire ya mwaka 1972 iliwapa uraia wengi wao. Sheria ya 1981 ikauondoa. Sheria ya Congo ya mwaka 2004 ikafungua tena mlango. Mtu mmoja angeweza kuwa raia, akawa mgeni, kisha akawa raia tena bila kuhama kijiji chake.

Mwaka 1996, Rais wa Rwanda wa wakati huo, Pasteur Bizimungu, alitaka uitishwe mkutano wa pili wa Berlin ili suala la mipaka liangaliwe upya. Aprili 2023, akiwa ziarani Benin, Rais Paul Kagame alisema kwamba mipaka ya kikoloni iliacha sehemu kubwa ya Rwanda nje ya nchi, mashariki mwa Congo na kusini magharibi mwa Uganda. Serikali ya Congo iliipinga vikali kauli hiyo. Rwanda imekuwa ikisema kwamba haina nia ya kuchukua ardhi ya jirani yake.

Wanahistoria kwa upande wao huonya dhidi ya kuzichukulia ramani za falme za kale kana kwamba ni hati za shamba. Mamlaka ya mfalme wa Rwanda magharibi ya ziwa yalitofautiana mahali kwa mahali na mwaka kwa mwaka: kwingine alituma jeshi na kurudi, kwingine alipokea kodi, na kwingine alikuwa na wawakilishi wa kudumu. Mstari mmoja hauwezi kuonyesha hali hiyo yote.

Kuna tatizo jingine la wazi zaidi. Katika vilima vya Masisi, Wahunde na Banyarwanda huishi kilima kimoja hadi kingine. Ijwi huzungumzwa Kihavu, na jamii hiyohiyo ya Wahavu ipo pia bara. Katika mitaa ya Goma na Gisenyi, Kiswahili ndicho huunganisha soko, na ni lugha ya taifa Congo kama ilivyo lugha rasmi Rwanda tangu mwaka 2017. Popote mstari wa kikabila utakapochorwa, utamwacha mtu upande usio wake, na katika eneo hili mtu wa aina hiyo amekuwa akilipa kwa ardhi yake au kwa uhai wake.

Ndiyo maana viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, walipokutana Cairo mwezi Julai 1964, waliazimia kuiheshimu mipaka waliyoikuta wakati wa uhuru. Hawakufanya hivyo kwa kuamini kwamba mipaka hiyo ilikuwa ya haki. Waliona kwamba kuifungua tena kungeleta hatari kubwa zaidi.

Je, ifuate bonde la maji?

Wapo waliowahi kupendekeza njia ya pili: mipaka ifuate mabonde ya maji.

Maarufu kati yao ni Mmarekani John Wesley Powell, aliyekuwa mkuu wa idara ya upimaji wa jiolojia ya nchi yake. Mwaka 1890 alichapisha ramani ya magharibi kame ya Marekani ikiwa imegawanywa kwa mabonde ya mito. Alidai kwamba katika nchi yenye ukame, watu wanaokunywa mto mmoja ndio wanaopaswa kujitawala pamoja, ama sivyo watagombana daima. Hakusikilizwa. Majimbo ya huko yamechorwa kwa mistari iliyonyooka, na yale yanayotegemea mto Colorado yamekuwa yakibishana juu ya mgawo wa maji tangu mkataba wao wa 1922.

Nchini Ufaransa, wanamapinduzi waliyafuta majimbo ya kale mwaka 1790 na kuunda wilaya 83, nyingi zikipewa majina ya mito na milima. Lengo lao lilikuwa kuvunja utiifu wa watu kwa majimbo ya zamani, si kusimamia maji. Majina ya mito yameendelea kutumika hadi leo, lakini watu wa Brittany hawajaacha kujiita Wabretoni.

New Zealand ndiyo iliyolikaribia zaidi wazo la Powell. Mageuzi yake ya mwaka 1989 yaliunda mabaraza ya mikoa ambayo mipaka yake kwa sehemu kubwa hufuata mabonde ya mito, na mabaraza hayo ndiyo husimamia matumizi ya maji na udhibiti wa mafuriko.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Tanzania imegawanywa katika mabonde tisa ya maji, kila moja likiwa na bodi yake chini ya sheria ya usimamizi wa rasilimali za maji ya mwaka 2009. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, kwa mfano, hufanya kazi Kilimanjaro, Arusha, Manyara na Tanga. Mwananchi hubaki na mkoa wake, mbunge wake na kabila lake, ila kibali cha kuchukua maji mtoni hutolewa na bodi ya bonde. Ramani mbili hutumika kwa wakati mmoja, kila moja kwa kazi yake.

Rubavu na mto Sebeya

Rwanda ilibadilisha ramani yake ya ndani mwaka 2006. Mikoa 12 iliunganishwa ikawa mitano, ukiwamo mji wa Kigali, na wilaya 106 zikawa 30. Mkoa wa Gisenyi ulifutwa. Eneo lake kubwa liliingia katika Jimbo jipya la Magharibi pamoja na iliyokuwa mikoa ya Kibuye na Cyangugu, na wilaya ya mpakani ikaitwa Rubavu.

Sababu iliyotolewa ilikuwa kupeleka madaraka karibu na wananchi na kuachana na migawanyiko ya zamani. Chini ya utawala wa Rais Juvénal Habyarimana, kati ya 1973 na 1994, asili ya mtu kimkoa ilikuwa na uzito mkubwa katika kupata shule, kazi na vyeo, na Gisenyi ulikuwa mkoa wake wa nyumbani. Serikali iliyofuata iliyapa majimbo majina ya pande za dunia: Kaskazini, Kusini, Mashariki na Magharibi. Jina la dira halina ukoo wala kumbukumbu ya upendeleo.

Kwa kiasi fulani, Jimbo la Magharibi linafanana na bonde la Kivu, maana limeutanda mwambao wote wa ziwa upande wa Rwanda. Lakini halikuchorwa kwa ajili ya maji. Wilaya za Ngororero na Nyabihu zimekaa juu ya mgongo wa milima, na sehemu kubwa ya maji yake huelekea mashariki, upande wa Nile.

Athari za jambo hilo huonekana katika mto Sebeya. Ni mto mdogo, ambao bonde lake ni la kilomita za mraba zaidi ya 300 tu, lakini limegawanyika kati ya wilaya nne: Rutsiro, Ngororero, Nyabihu na Rubavu. Unaanzia katika miinuko iliyo karibu na msitu wa Gishwati, ambao sehemu yake kubwa ilikatwa katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita ili kupisha malisho, mashamba na makazi. Unamwaga maji yake katika Ziwa Kivu, karibu na Gisenyi.

Mkulima wa juu akilima mteremko bila matuta, udongo wake hushuka na mvua hadi Rubavu. Huko chini mto huwa mwekundu, na mtambo wa Gihira, unaosafisha maji ya Sebeya kwa ajili ya mji, hupata kazi ngumu zaidi. Lakini mkulima huyo hapigi kura Rubavu, na meya wa Rubavu hana mamlaka juu ya shamba lake.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha katika eneo lote la magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 130, wengi wao katika Jimbo la Magharibi. Mjini Rubavu, Sebeya ilivunja kingo zake na kuingia katika makazi ya watu.

Rwanda sasa, kama Tanzania, ina ramani ya pili. Nchi imegawanywa katika mabonde makuu tisa, na mwaka 2020 iliundwa mamlaka ya taifa ya rasilimali za maji inayoyasimamia. Bonde la Sebeya lilikuwa miongoni mwa yale yaliyoandaliwa mpango maalumu: kuchimba matuta, kupanda miti na kujenga sehemu za kuzuia maji ya mafuriko katika wilaya za juu, ili kuwalinda watu wa wilaya ya chini. Kazi hiyo inawezekana kwa sababu wilaya zote nne ziko chini ya serikali moja.

Gesi isiyoweza kugawanywa kwa uzio

Sebeya inapoingia ziwani, serikali zinakuwa mbili, na ugumu unaongezeka.

Ziwa Kivu lina kina cha hadi mita 485. Ndani ya maji yake ya chini kuna gesi iliyoyeyuka: takriban mita za ujazo bilioni 300 za hewa ya ukaa na bilioni 60 za methani. Methani inaweza kuzalisha umeme. Lakini gesi hizo zikipanda juu kwa ghafla zinaweza kuua. Mwaka 1986, hewa ya ukaa iliyotoka katika Ziwa Nyos nchini Cameroon, lililo dogo mno ukilinganisha na Kivu, iliua zaidi ya watu 1,700 katika usiku mmoja. Kivu limezungukwa na watu zaidi ya milioni mbili.

Gisenyi ilikuwa ya kwanza kuitumia gesi hiyo. Mwaka 1963 mtambo mdogo katika rasi ya Rubona ulianza kutoa methani kwa ajili ya kiwanda cha bia cha Bralirwa. Tangu 2016, mtambo wa KivuWatt ulioko Karongi umekuwa ukizalisha megawati 26 kwa ajili ya gridi ya Rwanda.

Uvunaji wake hufanyika kwa kuvuta maji kutoka kilindini, kuitenga gesi, kisha kuyarudisha maji hayo chini. Yakirudishwa katika kina kisichofaa, tabaka za maji zinazoifunga gesi huweza kuvurugika, na tabaka hizo ni za ziwa zima. Mpaka wa 1911 haufiki huko. Anayekosea upande mmoja huhatarisha pande zote mbili.

Jambo hilo lilieleweka mapema. Mwaka 1975 Rwanda na Zaire zilitia saini mkataba unaoichukulia gesi ya Kivu kuwa mali ya pamoja. Mwaka uliofuata, katika mji huohuo wa Gisenyi, Rwanda, Burundi na Zaire ziliunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, na kuupa mji huo makao makuu yake. Chini ya jumuiya hiyo kulijengwa bwawa la umeme la Ruzizi ya Pili, lililoanza kazi mwaka 1989 na ambalo umeme wake hugawanywa kwa nchi tatu. Baadaye nchi hizo ziliunda pia ABAKIR, mamlaka ya bonde la Ziwa Kivu na mto Ruzizi.

Kwa maneno mengine, chombo cha kuyazunguka maji bila kuugusa mpaka kilishabuniwa. Udhaifu wake umekuwa siasa. CEPGL ilisambaratika kwa vita na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ikafufuliwa mwaka 2007, na imekuwa ikidhoofika kila uhusiano kati ya Kigali na Kinshasa unapoharibika.

Wavuvi wa sambaza wanaujua udhaifu huo. Samaki hao wadogo waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na sasa ndio tegemeo la uvuvi pande zote mbili. Rwanda husimamisha uvuvi wake kwa takriban miezi miwili kila mwaka ili samaki wazaliane. Lakini samaki aliyeachwa azaliane mbele ya Gisenyi anaweza kuvuliwa mbele ya Goma, na mvuvi anayefuata taa na nyavu zake usiku hauoni mstari wa mpaka hadi boti ya doria imfikie.

Hali ilivyo sasa

Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamesema katika ripoti zao kwamba Rwanda inawaunga mkono waasi hao, madai ambayo Rwanda inayakanusha. Tarehe 27 Juni 2025, mawaziri wa mambo ya nje wa Rwanda na Congo walitia saini mjini Washington makubaliano ya amani ambayo, pamoja na masuala ya usalama, yanazungumzia ushirikiano wa kiuchumi wa kikanda.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya ziwa, ambalo zaidi kidogo ya nusu yake iko Congo, inapakana na eneo ambalo serikali ya Kinshasa haidhibiti. Hata kama mikataba ya maji ingekuwa kamili, mmoja wa waliotia saini hana njia ya kuitekeleza ufukweni.

Hata hivyo watu wa miji hii miwili wamewahi kuonyesha kwamba ujirani wao hauamuliwi na ramani peke yake. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002 na tena Mei 2021, wakazi wa Goma walikimbilia Gisenyi kwa makundi makubwa. Katika nyakati za utulivu, makumi ya maelfu ya watu huvuka mpaka kila siku kwa miguu, wengi wao wanawake wanaobeba nyanya, vitunguu, maziwa na samaki.

Uzoefu wa Kivu unaonyesha kwamba maji na utambulisho vinajibu maswali mawili tofauti. Utambulisho humwambia mtu ni nani, na atamwamini nani amwakilishe. Maji humwambia ni nani anayeweza kumdhuru au kumsaidia bila hata kufahamiana naye. Mpaka mmoja hauwezi kuyajibu maswali yote mawili, na waliojaribu kuulazimisha, kwa rula, kwa ziwa au kwa kabila, wameacha deni ambalo vizazi vya baadaye bado vinalilipa.

Njia iliyobaki ni ile ya ramani mbili: mipaka ibaki ilipo, na juu yake kuwe na chombo cha bonde chenye bajeti, wapimaji, na uwezo wa kumzuia anayeharibu, awe upande wowote. Hiyo ndiyo kazi iliyokusudiwa kwa vyombo vilivyoundwa Gisenyi tangu mwaka 1976. Msimu ujao wa mvua, udongo wa wilaya nne utashuka tena kwa Sebeya hadi ziwani, na kutoka hapo utakuwa mali ya nchi mbili.